TV nyeupe, miwani ya mvuvi na leza ya eksirei: mwanga umelalia upande gani?

FundiNgamiani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi salaam. Mwenye haraka apite, uzi huu ni mrefu na hauna picha.

Mimi ni fundi TV, Ngamiani, Tanga mjini. Juzi nililetewa TV ya inchi 32 ambayo filamu yake ya mbele imebabuka. Mwenyewe aliiweka mkabala na dirisha, jua la alasiri likaipiga mwaka hadi mwaka, kioo kikatoka madoa kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Kwa wasiojua: kioo cha TV bapa kimebandikwa karatasi mbili za plastiki, moja nyuma na moja mbele. Sisi mafundi tunaziita polaraiza. Ya mbele ikifa unaibandua pole pole kuanzia kona, unafuta gundi, unabandika nyingine. Nikabandua. Nikawasha nione kama kioo chenyewe bado kizima. Kikawaka cheupe pee, hakuna hata kivuli cha picha. Hiyo ni kawaida, sikushtuka.

Mara akaingia mzee mmoja mvuvi wa pale pwani ya Deep Sea, nina redio yake hapa tangu mwezi uliopita (mzee ukisoma hapa, spea bado). Amevaa ile miwani yake ya baharini ya kukata mng'ao. Akasimama mlangoni, akaangalia ile TV nyeupe, akaniuliza: "Nani anaongoza?"

Nikajua ananitania. Akaendelea: "Lakini hawa wachezaji wako mbona kama mizimu, nyuso nyeupe, nyasi zambarau?"

Nikamwomba miwani nikavaa. Wallahi mpira huo hapo unachezwa, rangi zote kinyume kama negativu za picha za zamani. Nikalaza kichwa mpaka sikio likagusa bega, rangi zikarudi sawa. Nikavua: nyeupe. Nikavaa: mpira. Miaka 17 nafungua TV, na sikuwahi kukaa nikafikiri maana yake.

Maana yake ni hii. Mwanga ni mtikisiko unaosafiri. Unaweza kutikisika juu na chini, kushoto na kulia, mshazari, au ukajizungusha kama parafujo. Wa jua na wa balbu umechanganyika kila upande. Filamu ya nyuma ya TV inachuja na kuacha upande mmoja tu. Kile kimiminika kilicho katikati ya kioo kinaugeuza mtikisiko huo nukta kwa nukta, na filamu ya mbele ndiyo inayohukumu ipi iwe nyeusi, ipi iwe nyeupe. Ukiibandua ya mbele, picha haijaondoka. Bado ipo, imeandikwa kwenye upande wa mtikisiko, na jicho la binadamu halisomi upande. Upande huo wa mtikisiko ndio vitabu vinauita polaraizesheni.

Sasa sababu ya uzi. Mpwa wangu anasoma fizikia chuoni, yuko likizo kwangu. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, akaruka: "Mjomba! Hicho ndicho nilichopewa nikawasilishe. Polaraizesheni ya leza za eksirei zinazotoka kwenye plazma. Nipe kipande cha filamu nikawaonyeshe darasani." Nikamwambia filamu hii kwa eksirei haitamsaidia hata akibandika mia. Akaniuliza kwa nini. Nikakwama. Mimi niliishia kidato cha sita, mchepuo wa PCM, mengine maisha yakaamua.

Tumekesha siku tatu na vitabu vyake. Nitaleta tulichopata kwa vipande, maana umeme hapa kwetu leo unakwenda na kurudi.

mkonge_daima

Natandika mkeka hapa. Tiririka fundi.

Kicheko_Mombo

Tanga mmemaliza majini sasa mnahamia kwenye leza 😂 Eksirei si ile ya hospitali ya kupigia mbavu? Leza yake ndiyo ipi tena? Naona birika la chai limeinjikwa.

FundiNgamiani

Mkuu Kicheko, kunywa taratibu. Eksirei ya hospitali ina wimbi fupi sana, chini ya nanomita 0.1 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndiyo maana inapenya nyama. Hizi tunazozisema zinaitwa eksirei laini, mawimbi ya nanomita 10 hadi 50 hivi. Zenyewe hazipenyi kitu. Hata hewa inazimeza, kwa hiyo kazi yote inafanyika ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Mwanga wa macho uko kwenye nanomita 400 hadi 700, upate kulinganisha.

Leza yenyewe ni hivi. Mwaka 1984 maabara ya Lawrence Livermore kule California walichukua foili nyembamba ya seleni wakaipiga kwa leza kubwa mno iliyoitwa Novette, si kwa nukta bali kwa mstari, kama unavyochora ukuta kwa rula. Foili ikalipuka ikawa plazma, gesi ya moto iliyovuliwa elektroni. Seleni ina elektroni 34. Pale ilipoteza 24, ikabaki na 10, sawa na za gesi ya neoni. Ioni (atomu iliyopoteza elektroni) ya namna hiyo ikigongwa na elektroni huru, elektroni yake moja inarushwa ngazi ya juu na kukwama hapo kidogo. Ngazi iliyo chini yake inajimwaga haraka kwa kutoa mwanga mwingine. Basi juu panajaa, chini panabaki patupu, na hapo ndipo leza inapozaliwa. Walipata mistari miwili, nanomita 20.6 na 20.9.

Mwaka 1994 Jorge Rocca na wenzake wa Colorado State University wakafanya bila leza kubwa kabisa. Walipitisha mkondo wa umeme ndani ya mrija mwembamba wenye gesi ya agoni, ikatoka leza ya nanomita 46.9. Mtambo wa kukaa juu ya meza. Mimi kama mtu wa umeme huyu ndiye niliyempigia saluti.

Kicheko_Mombo

Sawa. Birika nimeliepua. Endelea.

dada_Chumbageni

Fundi shikamoo. Swali kabla hujaenda mbali. Leza ninazozijua mimi, kama ile ya kuonyeshea ubaoni, ina vioo viwili, mwanga unakwenda na kurudi. Na nyingi mwanga wake tayari una upande mmoja. Hiyo ya plazma vioo vinakaa wapi kwenye kitu kilicholipuka?

FundiNgamiani

Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe.

Vioo havipo. Plazma inakuwa katika hali ya kukuza mwanga kwa muda mfupi mno. Kwenye aina nyingine ni pikosekunde 10 hivi, na pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Katika muda huo mwanga unatembea milimita 3. Ukisema uuwekee kioo urudi, ukirudi unakuta karamu imekwisha na viti vimekunjwa. Kwa hiyo mwanga unapita mara moja tu, kutoka ncha hadi ncha ya ule mstari wa plazma, wenye urefu wa sentimita chache.

Na anayeanzisha ni nani? Ni ioni yoyote iliyo upande wa mkia iliyoamua kutoa mwanga wake yenyewe, bila kuulizwa. Mwanga huo unapopita kwa wenzake walio juu, unawashawishi nao watoe, unanenepa njia nzima. Ioni iliyoanza haikupangiwa upande wa kutikisika. Ya pili yake ina upande wake. Elfu na elfu zinaanza hivyo hivyo. Ndiyo maana jibu la haraka la mada ya mpwa wangu, kama leza hizi zina upande au hazina, ni kwamba leza ya namna hii haina upande.

Picha niliyompa ni ya pale Deep Sea. Maji yakijaa yakasimama, upepo hakuna, ngalawa zilizotia nanga kila moja inaelekeza omo upande wake. Hakuna aliyezipanga. Kusi ikianza, zote zinageuka pamoja.

Nahodha_Mstaafu

Fundi nakuheshimu kwa redio na TV, ila ngalawa niachie mimi. Chombo kilichotia nanga hakigeuki kwa sababu maji yamesimama. Kinabaki kimetazama pale maji ya mwisho yalipokiacha. Siku za maji mafu utakuta zimetawanyika kama unavyosema, kwa kuwa mkondo ni dhaifu na kila chombo kina nanga yake na kamba yake. Siku za bamvua hata maji yakisimama utaziona bado zimekaa mkao mmoja kwa muda. Hiyo leza yako ni ya maji mafu au ya bamvua?

FundiNgamiani

Mzee umenimaliza, na umenisaidia kuliko vitabu. Hilo ndilo swali. Nani alisema plazma ni bahari iliyotulia?

MwalimuMuheza

Nadandia hapo. Nafundisha fizikia sekondari. Fundi jibu lake la haraka ni sahihi kama plazma haina upande wowote inaoupendelea. Lakini fikirini ile ya Livermore au yoyote inayotokana na bamba lililopigwa na leza. Plazma inaruka kutoka kwenye bamba kwenda mbele kwa kasi kubwa. Kuna "mbele" na kuna "pembeni". Hizo ni pande mbili tofauti kabisa, na boriti, yaani ule mwanga wa leza unaotoka, inapita ikiwa imezikata zote mbili. Usawa unatoka wapi?

FundiNgamiani

Mwalimu, ahsante, maana hapo ndipo tulipokesha. Naombeni mnivumilie, kipande hiki ni kigumu ila ndicho kitamu.

Chukueni mstari mmoja wa germani, nanomita 19.6. Germani ina elektroni 32, ikibaki na 10 nayo imekuwa kama neoni. Katika mstari huu ngazi ya juu ni kama mpira, ukiigeuza upande wowote ni ile ile, haina upande. Ngazi ya chini ina vyumba vitatu. Mwanga unaotikisika upande huu unashusha elektroni kwenye chumba hiki, unaotikisika upande ule unashusha kwenye kile. Cha tatu hakihusiki na boriti yetu, kwa sababu ni cha mtikisiko unaoelekea kule boriti inakokwenda, na mwanga hautikisiki kuelekea unakokwenda.

Vyumba viwili vikiwa vitupu sawasawa, pande zote mbili zinakua sawa. Kimoja kikiwa na watu zaidi, upande wake unakua kwa shida, maana waliojaa chini wanaumeza mwanga wanaopaswa kuusaidia.

Nani anajaza vyumba? Nilisema ngazi ya chini inajimwaga kwa kutoa mwanga mwingine. Mwanga huo haupotei tu, unakutana na ioni jirani, inaumeza, na jirani anajikuta chumba chake kimejaa tena. Sasa sikilizeni. Jirani wa pembeni anatembea kasi ile ile kama mimi, kwa hiyo mwanga wangu anausikia kwa sauti ile ile na anaudaka. Jirani wa mbele anakimbia kuliko mimi. Mwanga wangu unamfikia umebadilika sauti, kama honi ya basi la Korogwe linavyokupita barabarani, inabadilika ghafla ikishakupita. Haumfai, anauacha upite zake. Kwa hiyo kuelekea mbele mwanga unatoroka, kuelekea pembeni unanaswa. Vyumba havijazwi sawa.

Mwaka 1995 watafiti wa Japani walipima mstari huo huo wa nanomita 19.6 wakakuta kweli una upande unaozidi. Hawakuupandikiza wao.

dada_Chumbageni

Fundi tofauti ya kujaza vyumba si itakuwa ndogo? Yaani jirani huyu kasi hivi, yule kasi vile, mwisho wa siku ni asilimia chache.

FundiNgamiani

Ndogo, ndiyo. Lakini hii ni biashara ya riba juu ya riba. Mwanga hauongezeki kwa kujumlisha, unaongezeka kwa kuzidishwa kila hatua. Mpwa wangu alinichorea hesabu nyuma ya risiti, nainakili. Tuseme upande mmoja umekuzwa kiasi cha e (ile namba ya 2.718) kwa kipeo cha 15. Hiyo ni kama mara milioni 3.27. Upande wa pili umepungukiwa kidogo, e kwa kipeo cha 14, mara milioni 1.2. Tofauti pale kwenye kipeo ni moja katika kumi na tano. Kwenye mwanga unaotoka, upande mmoja ni mara 2.7 ya mwenzake.

Kipimo cha polaraizesheni wanachukua mkubwa kutoa mdogo, wanagawa kwa jumla ya wote wawili. Hapo ni 1.7 gawa kwa 3.7, inakuja 0.46. Kutoka kwenye kaupepo tu.

MwalimuMuheza

Nyongeza ndogo: haiendelei hivyo milele. Mwanga ukishakuwa mkali unamaliza akiba ya ngazi ya juu, ukuaji unapungua. Lakini kwa darasa hesabu hiyo inatosha, na nitaiiba.

FundiNgamiani

Iba mwalimu, risiti yenyewe ya gundi.

mkonge_daima

Wakuu wameipimaje? Fundi alianza kusema filamu haifai halafu akatuacha njiani.

FundiNgamiani

Kweli nimewadai. Filamu ya TV ni plastiki iliyovutwa mpaka nyuzi zake zikalala upande mmoja, ikatiwa aidini. Mtikisiko unaolala na nyuzi unamezwa, unaozikata unapita. Kwa eksirei laini hakuna cha kulala wala cha kukata. Chembe moja ya mwanga wa nanomita 20 ina nishati ya elektronivolti 62, wa macho ni kama 2 tu. Unang'oa elektroni kwenye chochote unachokigusa. Plastiki yangu yote, pande zote, ni ukuta wa zege. Ndiyo maana nilimwambia hata mia hazisaidii, ingawa sababu sikuijua, nilikuwa nabahatisha tu kwa uzoefu wa kupigwa na vitu nisivyovijua.

Wanatumia kioo kilicholazwa nyuzi 45. Sababu yake naipenda. Elektroni ikitikiswa kwa mstari inatoa mwanga kila upande isipokuwa kuelekea ncha za ule mstari inaotikisikia. Fikirini mtu anayetikisa kamba: wimbi linakwenda ubavuni, halitoki kichwani mwake. Sasa boriti ikija na kioo kikaipinda kona kamili ya nyuzi 90, kuna mtikisiko mmoja ambao ncha yake inaelekea hasa kule boriti inakotaka kwenda. Huo hauwezi kutoka. Unabaki mwingine tu. Kioo kinakuwa filamu.

Charles Barkla alitumia ujanja huo huo mwanzoni mwa miaka ya 1900 kuonyesha kwamba eksirei nazo zina upande: alizitawanya kwa nyuzi 90, halafu akazitawanya tena. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1917 ilikwenda kwake, kwa kazi yake nyingine ya eksirei.

Kioo cha kawaida kwa nyuzi 45 hakirudishi eksirei, zinazama. Kwa hiyo wanatandika tabaka nyembamba juu ya nyingine, kwa mfano molibdeni na silikoni, jozi baada ya jozi, kila jozi ikirudisha kidogo na vyote vikijumlishika. Kwa nanomita 19.6 unene wa jozi moja unakuja karibu nanomita 14. Kisha unakizungusha kioo kuizunguka boriti, huku unapima. Mwanga ukipanda na kushuka, una upande. Ukikaa pale pale, hauna. Ni kile kile nilichofanya kwa kulaza kichwa begani na miwani ya mvuvi.

Kicheko_Mombo

Samahani kukatiza darasa, filamu ya inchi 43 unabandika bei gani?

FundiNgamiani

Leta kioo kwanza nikione. Kama kimepasuka ndani hata filamu ya dhahabu haisaidii.

dada_Chumbageni

Fundi, mwalimu, hili limenikosesha usingizi. Mnasema leza isiyo na upande imetokana na ioni nyingi kila moja na upande wake. Sawa. Lakini mnaposema "haina upande" mmepima risasi ngapi, yaani milipuko mingapi ya mwanga? Nikirusha shilingi mara mia napata nusu kwa nusu. Nikirusha mara moja napata kichwa au mwenge, sipati nusu kichwa. Je, risasi moja fupi ya hiyo leza haiwezi kuwa na upande wake?

MwalimuMuheza

Huyu dada anatafuta ugomvi na vitabu. Nampenda.

FundiNgamiani

Nimempigia mpwa simu (amesharudi chuo) akanyamaza nusu dakika nzima, mpaka nikadhani vocha imekwisha.

Jibu ni kwamba dada yuko sahihi, na ndipo watu wengi wanapojikwaa. "Mwanga usio na upande" si aina ya mtikisiko. Hakuna mtikisiko usio na upande. Kila dakika, tena kila kipande kidogo cha dakika, mwanga unatikisika kwa namna fulani, iwe mstari, duara au yai. Tunasema hauna upande kwa sababu namna hiyo inabadilika badilika bila mpango, na kifaa chetu kinajumlisha zote.

Sasa kila mwanga una muda wake wa kukumbuka, muda ambao mtikisiko unabaki ule ule kabla haujasahau na kuanza mwingine. Kama risasi ni ndefu kuliko muda huo mara elfu, ndani ya risasi moja zimo elfu za shilingi, unapata nusu kwa nusu. Lakini mstari wa leza ya plazma ni mwembamba sana kirangi, na wembamba wa rangi ndio urefu wa kumbukumbu. Risasi ikiwa fupi, ikakaribiana na kumbukumbu hiyo, umerusha shilingi mara moja au mbili tu. Risasi hii itatoka imelala hivi, inayofuata vile. Kila moja ina upande. Mia zikijumlishwa hazina.

Kwa hiyo anayepima lazima aseme alipima nini. Kama anazungusha kioo kati ya risasi na risasi halafu anachora wastani, anapima bahari ya mwaka mzima. Kumjua samaki wa leo inabidi agawe risasi ile ile moja, apime pande mbili kwa wakati mmoja.

Nahodha_Mstaafu

Ndiyo niliyosema. Uliza maji ya siku gani.

mkonge_daima

Na ukitaka upande unaoujua wewe, usisubiri bahati?

FundiNgamiani

Unapandikiza. Usiiachie ioni ya mkiani ianze, mletee mwanga mdogo wenye upande unaoutaka, ukuzwe huo. Plazma ni kama spika, haichagui wimbo. Ukiipa sauti kabla haijaanza kuvuma yenyewe, inakuza sauti yako.

Mwaka 1995 Rutherford Appleton Laboratory ya Uingereza walitumia plazma mbili za germani. Mwanga wa ya kwanza wakaupitisha kwenye kioo, ukachujwa ukabaki upande mmoja, ukaingizwa ya pili ukakuzwa. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa wakaacha kutumia plazma ya kwanza. Walichukua leza ya kawaida, wakaipiga kwenye gesi mpaka ikatoa mwangwi wa juu, wa 25 (wimbi lake ni fupi mara 25 kuliko la leza yenyewe), wenye wimbi la nanomita 32.8, na mwangwi huo unarithi upande wa leza iliyouzaa. Wakauingiza kwenye plazma ya kriptoni iliyovuliwa elektroni 8. Bahati iliyoje, kriptoni hiyo nayo inaimba nanomita 32.8 hiyo hiyo. Ikatoka boriti imelala vile vile.

Na mwaka 2015, kwa kriptoni hiyo hiyo, Wafaransa wakapandikiza mwanga unaozunguka kama parafujo na plazma ikaukuza ukiwa bado unazunguka. Binafsi hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Unapitisha kitu laini kama kuzunguka ndani ya moto ule, kinatoka upande wa pili hakijanyooka.

Unaozunguka wanautaka kwa ajili ya sumaku. Chuma, kobalti na nikeli vinameza mwanga wa nanomita 18 hadi 24 hivi kwa kiasi tofauti kulingana na mwanga unazunguka kulia au kushoto, na sumaku yake imeelekea wapi. Ukiwa na risasi fupi inayozunguka unaweza kuiona sumaku ya utando mwembamba ikigeuka. Wenye diski za kompyuta watanielewa.

Kicheko_Mombo

Fundi ile agoni ya kwenye mrija je? Mrija ni duara, mbele haina pembeni haina.

FundiNgamiani

Umeshaelewa somo mkuu. Duara halina upande wa kupendelea, hivyo ule upepo wa vyumba hauna pa kuvumia. Ukitaka upande pale, pandikiza au chuja kwa kioo na ukubali kupoteza nusu.

Nahodha_Mstaafu

Fundi nimekufanyia kazi. Leo nilishuka Raskazone na miwani yangu. Saa tatu kasoro asubuhi nikatazama mng'ao upande wa jua. Nikiwa nimevaa sawa, mng'ao unakufa, namwona tasi anakula majani chini kabisa. Nikiivua nikaigeuza isimame wima, mng'ao unarudi wote, tasi hayupo. Nikangoja. Saa sita nimeinamisha kichwa nikatazama chini, nageuza miwani hivi, nageuza vile, hakuna tofauti ya maana. Kwa nini asubuhi na si saa sita?

FundiNgamiani

Mzee, bahari ndiyo kioo changu cha nyuzi 45. Asubuhi jua likiwa limepanda kama nyuzi 37, mwanga unaorudi na ule unaozama majini vinatengeneza kona kamili, nyuzi 90. Kuna mtikisiko mmoja unaokosa njia ya kurudi, unarudi ule uliolala na maji tu, na miwani yako imekatwa kuuzuia huo. Saa sita jua liko utosini, mwanga unarudi ulikotoka, hakuna kona. Kwa maji nyuzi si 45 hasa kwa sababu maji yanaupinda mwanga unapozama. Eksirei laini hazipindwi na kitu karibu chochote, ndiyo maana kule wanaweka 45 wanalala.

Nahodha_Mstaafu

Basi kesho saa tatu naenda na mshipi. Na redio yangu vipi?